Mumunye la Mbegu

Manong Carpo, kama tunavyomwita kwetu mwanamume aliyetuzidi umri, alirudi kutoka safari yake ya mwisho ya meli akamkuta mkewe ndani ya jeneza, sebuleni, kati ya mishumaa. Walikuwa wamemweka pale zaidi ya wiki wakimsubiri yeye, maana meli ikiwa katikati ya maji haina kituo cha kumshusha mtu. Tangu ujana wake alikuwa fundi wa kupaka mashine mafuta huko chini kwenye chumba cha injini. Anakaa nyumbani miezi miwili, anaondoka tena mwaka mzima. Safari hii alikuwa anarudi moja kwa moja, na mkewe, Manang Honorata, alikwisha kununua shuka mpya.

Alianguka bustanini asubuhi, akifunga kunde kwenye chanja la mianzi. Mimi ndiye niliyemwona kwanza, kwa sababu kati ya uwanja wao na wetu pana ua wa mianzi tu, tena umelala upande. Nilidhani ameinama kung'oa majani. Nilimsemesha maneno mawili matatu kabla sijaona kwamba kofia yake imebiringika hadi kwenye biringanya.

Basi kijiji chetu kizima cha Cabaruan kilikuwa kinangoja kuona Manong Carpo atalia vipi. Felisa, mdogo wake Honorata, alikuwa amekwisha kumlilia dada yake kwa maneno kama ilivyo desturi yetu, anamwuliza kwa sauti ya kuimba: dada, umeniachia nani, nani atanipa mboga Novemba hii, nani atanisuka nywele nikizeeka? Hata wanaume walitoka nje kwenda kuvuta sigara. Lakini Manong Carpo aliingia na begi lake, akavua kofia, akasimama mbele ya jeneza akamtazama mkewe kama mtu anayesoma geji. Kisha akauliza kama wageni wamekula.

Hakulia kaburini. Hakulia asubuhi ya pili yake tulipokwenda mtoni kuosha nywele ili msiba usiwagande waliobaki. Felisa alimmwagia maji ya majivu ya mabua ya mpunga kichwani, yakamshuka usoni, akasimama tu macho wazi. Binti yao Lorna, aliyekuja kutoka Riyadh kwa siku chache za ruhusa, alimkumbatia pale pale majini akilia. Manong Carpo alimpigapiga mgongoni, kwa adabu, kama unavyompiga mtoto wa jirani.

"Shemeji ana moyo wa chuma," Felisa aliniambia tukipanda kutoka mtoni.

"Labda kifo hakijamwingia bado."

"Hakijamwingia! Kwani ni sindano?"

Sala za siku tisa zikaisha, masufuria ya kuazima yakarudi kwa wenyewe, Lorna akaondoka na ndege, na Manong Carpo akabaki na nyumba, shuka mpya, na bustani.

Ile haikuwa bustani ya maonyesho. Ilikuwa bustani ya mwanamke anayejua kila kitu kiko wapi na hana haja ya kumwonyesha mtu. Bamia zilisimama katikati ya nyanya, mlenda ulijiotea popote ulipotaka, mlonge ulikuwa kona ya ua, karela zilipanda juu ya kamba ya kuanikia nguo, na nyuma, juu ya chanja kubwa la mianzi, palikuwa na mmumunye mzee ambao majani yake yalikuwa yamekwisha kukauka. Kwenye dirisha la jikoni kulikuwa na makopo ya maziwa yaliyojaa udongo, na ndani yake miche aliyoisia mwenyewe kabla hajafa. Miche haikujua kuna msiba. Iliendelea kurefuka.

Felisa hakuwa mtu wa bustani. Yeye alifuga nguruwe na kuku, na mboga alikuwa akila za dada yake. Siku moja alipita akaiona ile miche imeinama kutafuta jua.

"Shemeji, ama uipande ama uitupe. Usiiache ikufie machoni."

"Inapandwaje?"

"Chini. Mizizi ndiyo inaingia ardhini, majani yanabaki juu. Baharini hawakufundishi?"

Alipanda. Naweza kusema alipanda kwa sababu ameambiwa, maana yeye alikuwa mtu wa kutii amri ya zamu maisha yake yote. Alinyoosha kamba kutoka ukutani hadi uani, akachimba mashimo kwa kupima na rula ya Lorna ya shuleni, kila mche mahali pake, wima kama mabaharia waliopangwa wakaguliwe. Akaanza kumwagilia alfajiri na tena alasiri, saa zile zile alizokuwa akishika zamu melini. Mvua ikinyesha, yeye yuko nje na ndoo. Nikamwambia, Manong, mvua hiyo. Akanijibu kwamba zamu ni zamu.

Biringanya zikaoza shingo. Zilianguka moja moja, zimekatika pale shina linapoingia ardhini. Nyanya zilizobaki zikaingiwa na wadudu mafuta, na sisimizi wakawa wanapanda na kushuka kuwahudumia kama watumishi wa hoteli. Kuku wa Felisa wakaingia wakafukua mstari mzima wa mboga za majani za pechay kutafuta minyoo. Usiku konokono walitoka chini ya mawe, na asubuhi majani yalikuwa matundu matupu. Manong Carpo aliyatazama hayo yote bila kukunja uso. Alichukua mche uliokufa, akautia kwenye ndoo, akauweka mwingine. Ukimwuliza, "Manong, huoni uchungu?" anafikiri kidogo, kama mtu anayejipapasa mfukoni, halafu anasema, "Hapana."

Kunde ndizo zilizomvumilia. Hizo Honorata alikuwa amekwisha kuzifunga kwenye chanja, nazo zikaendelea kupanda zenyewe. Siku ya kwanza alipochuma kunde za kutosha chungu alinipigia kelele uani nije na Felisa. Alizipika na bamia na majani ya mlonge kwa mchuzi wa bagoong, zile dagaa zetu za kuchachusha, na samaki wa kuchoma juu yake. Felisa alipotia kijiko mdomoni macho yakamtoka.

"Chumvi hii, shemeji! Umeivua bahari yote ukaja nayo?"

"Ni nyingi?"

"Wewe umeonja?"

"Nimeonja." Akala tena kijiko kimoja, taratibu, akitazama ukuta. "Sipati ladha yoyote. Tangu nirudi. Nilidhani ni mchele ndio mbovu."

Felisa akavuta jagi. Alinywa maji bilauri mbili, akamaliza sahani yake yote, chumvi na yote.

*

Lile jambo la mumunye lilitokea karibu na Krismasi.

Juu ya chanja la nyuma, katikati ya majani makavu, lilikuwa linaning'inia mumunye moja. Fupi, limetuna chini, shingo nene, ngozi imekuwa ya kahawia na ngumu kama ubao. Kikonyo chake kilikuwa kimefungwa uzi mwekundu. Manong Carpo alitaka kulisafisha chanja apandishe karela, kwa hiyo akaukata mmumunye wote. Mumunye lenyewe alijaribu kulikata kwa kisu cha jikoni kikateleza. Akalipasua kwa shoka, akaona ndani pamekauka, mbegu zinacheza. Akalitia kwenye pipa pamoja na makapi na maganda ya boga, akachemsha, akapeleka zawadi kwa nguruwe wa Felisa.

Mimi nilikuwa nyumbani kwa Felisa siku hiyo, tunafunga keki za mchele kwenye majani ya migomba. Manong Carpo akaingia na ndoo tupu mkononi.

"Nguruwe wako amekula vizuri," alisema. "Nimemletea na lile mumunye bovu la nyuma."

"Mumunye gani?"

"Lile kavu. Lenye uzi."

Felisa aliweka chini jani alilokuwa analifunga. Alitoka bila viatu. Tulimkuta bandani, amepiga magoti mbele ya kihori, mikono ndani ya uji wa nguruwe hadi viwikoni, anapapasa. Alitoa mbegu kama nne tano. Zilikuwa laini, zimeiva, ukizibana zinatoka maji.

"Hii ilikuwa mbegu ya Mama," alisema, bado hajapaza sauti. "Mama aliipata kwa mama yake. Ile ya sokoni ni ndefu kama mguu wa mzungu na ina ladha ya maji ya kisima. Hii ndiyo tuliyolelewa nayo. Kila mwaka dada anabakiza moja, moja tu, lile zuri kuliko yote, anafunga uzi mtu asiliguse. Watoto wadogo wa kijiji hiki wanajua uzi mwekundu ni nini!"

"Mimi sikujua."

"Utajua nini wewe? Ulimjua lini? Ulikuwa unakuja kama mgeni, unalishwa, unaondoka! Amekufa hukutoa hata chozi, sasa umechemsha na mbegu yake ukampa nguruwe!" Alisimama, mikono inachuruzika. "Sema kitu! Tukana basi! Nipige!"

Manong Carpo alisimama mlangoni mwa banda na ndoo yake.

"Nakusikia, Felisa," alisema. "Nakusikia kama mtu anayepiga kelele upande wa pili wa ukuta wa injini. Naona mdomo. Najua ni jambo kubwa. Lakini halifiki. Mguu ukifa ganzi unaukanyaga chini hujui kama ni wako. Mimi niko hivyo mwili mzima. Sikufanya makusudi."

"Nenda kwako," alisema Felisa.

Tangu siku hiyo hakumsemesha tena. Hata kuku aliwafungia, wasivuke kwenda kwake, na kwa mtu anayemjua Felisa hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi. Krismasi ikapita. Manong Carpo alikula mkesha peke yake, mkate na kahawa, taa ya Krismasi ya umbo la nyota, ambayo kwetu hutundikwa miezi kabla, ikiwaka dirishani kwa sababu Lorna alikuwa ameitundika kabla hajaondoka na hakuna aliyeizima.

*

Baada ya Mwaka Mpya nilimwona amevaa shati la kwendea misa, siku isiyo ya misa. Aliniuliza uani: "Honorata alikuwa anampa nani mbegu?"

"Kila mtu, Manong."

"Kila mtu yupi?"

Nikamtajia wale niliowakumbuka. Akaanza kupita mlango kwa mlango. Nilihadithiwa baadaye na wenyewe, maana kijiji kizima kilikuwa kinalizungumzia. Anafika, anavua kofia, anasema: "Mimi ni mume wa Honorata. Natafuta mumunye fupi la mbegu." Kama vile kuna mtu asiyemjua. Mmoja alikuwa amehamia mbegu za dukani. Mwingine alipanda, akala yote, hakubakiza, kwa sababu alijua Honorata atampa tena. Mwingine alimwonyesha kibuyu kizuri cha kuhifadhia chumvi, ni cha mbegu ile ile, lakini mbegu zenyewe alizitupa zamani. Wote walimkaribisha kiti. Wote walimweleza jambo fulani kuhusu mkewe ambalo hakulijua: alikuwa akicheka hadi anakaa chini, alikuwa mwizi wa karata, aliwahi kumfukuza mwuza samaki na ufagio. Yeye alisikiliza, akashukuru, akavaa kofia, akaenda nyumba ya pili.

Mwishoni akaambiwa: "Labda Escolastica, ng'ambo ya mto."

Sasa, Escolastica na Felisa walikuwa hawasalimiani tangu sikukuu ya mtakatifu wetu miaka mingi nyuma, pale Felisa aliposema mbele ya padri kwamba keki za mchele za Escolastica zingefaa kuziba mashimo ya barabara. Honorata alikuwa akivuka mto kwenda kumwona kwa siri ili dada yake asijue.

Escolastica ni mjane mnene, mwenye sauti ya kiume. Alikuwa amekaa kwenye ngazi akichambua vitunguu saumu. Alimwacha Manong Carpo aseme maneno yake yote ya kofia mkononi.

"Kwa nini asije Felisa mwenyewe?"

"Hajui kama nimekuja. Hanisemeshi."

"Umemfanya nini?"

Akamweleza, hadi habari ya nguruwe. Escolastica alicheka hadi vitunguu vikamwagika. Kisha akajifuta macho kwa upindo wa gauni, akamtazama vizuri.

"Mkeo alikuwa anakuja hapa kila Jumatano. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa baharini."

"Nimekuuliza ulijua, sikukuuliza ulikuwa wapi."

"Sikujua."

"Alikuwa anakaa hapo hapo ulipo. Anasema, Carpo akistaafu nitamfundisha kulima, ana mikono mizuri, inatulia. Anasema, atanikera sana mwanzoni." Alinyanyuka kwa kushika nguzo. "Panda pale juu ya paa la banda la nguruwe. Ya kwangu hajayala mtu wala nguruwe."

Juu ya paa kulikuwa na mamumunye mawili makavu, mafupi, yenye shingo nene. Escolastica alimpa moja. Manong Carpo alipokwisha kuvuka daraja la mianzi, yule mjane akamwita kwa sauti iliyowafanya bata watawanyike.

"Mwambie Felisa: mbegu hizi zinatafunika kuliko keki zangu!"

Manong Carpo alikwenda moja kwa moja kwa Felisa. Alimkuta anafagia, nami nimekaa mlangoni. Akaliweka mumunye juu ya benchi, akasimama kama mjumbe wa serikali, na kwa sauti ile ile tambarare akasema: "Escolastica anasema mbegu hizi zinatafunika kuliko keki zake."

Felisa alishika ufagio. Mdomo ulimtetemeka, nikadhani atamtandika. Kumbe ni kicheko. Alicheka akaegemea nguzo, na kicheko kikageuka njiani kikawa kilio, akakaa chini kwenye vumbi alilokuwa amelifagia, amelipakata lile mumunye kama mtoto, analitikisa, na mbegu zinalia ndani: cheke, cheke. Manong Carpo alimtazama. Alikuwa na sura ya mtu aliyesimama nje ya dirisha la nyumba yenye sherehe asiyoalikwa.

Mwishowe Felisa akajifuta kamasi, akamrudishia.

"Panda wewe."

"Nitaziua."

"Ukiziua nitakuua. Panda."

*

Felisa alikuwa hajui kulima, lakini alikuwa amemtazama dada yake maisha yote, na sasa akawa anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa anatoa amri. Loweka usiku mmoja. Ncha ya mbegu iangalie chini. Samadi, lakini ya zamani, hiyo mbichi itaunguza. Usimwagilie hadi kidole kiingie kitoke kikavu! Manong Carpo alitumbukiza kidole kwenye udongo kila asubuhi, akakitazama, akaenda na ndoo au asiende. Nilimwona siku moja amesimama na ndoo iliyojaa, zamu imefika, udongo una maji. Alisimama muda mrefu. Kisha akayamwaga kwenye mlonge.

Mmumunye ukaota, ukatambaa, ukafika chanja, ukalifunika. Machi ukatoa maua, yale meupe yanayofunguka jua likizama, mepesi kama karatasi ya kufungia mkate. Yakatokea mamumunye madogo nyuma ya maua jike, marefu kama kidole gumba, yana manyoya. Yakawa manjano. Yakaanguka. Kila asubuhi aliyaokota chini.

"Hakuna nondo wa kubeba unga wa maua," Felisa alisema. "Wameuawa na dawa za mpunga. Dada alikuwa anayaozesha maua mwenyewe."

"Anayaozeshaje?"

"Unachuma ua dume, unalivua nguo, unampaka bibi harusi unga. Jioni, maua yakishafunguka. Usiniangalie hivyo, shemeji, na mimi ni mjane."

Hilo lilifanya hata mimi nicheke uani. Basi jioni zile ungewaona wawili hao chini ya chanja, yeye juu ya ngazi, Felisa chini anamwelekeza hapa, siyo hapo, hapo! Na ile mikono ya kupaka mashine mafuta ilifanya kazi hiyo polepole bila kuvunja jani. Mengine yaliendelea kuanguka. Moja likashika. Likavimba, likawa kama ngumi, kisha kama chungu kidogo. Manong Carpo alitoka kulitazama asubuhi na jioni. Nikamwuliza kama anafurahi.

"Sijui," alisema. "Nikiamka nalikumbuka kabla ya vitu vingine. Hiyo ndiyo furaha?"



Aprili mpunga umekwisha kuvunwa, mashamba ni makapi, na watu hufungua mifugo yao izurure. Ilikuwa mchana, jua la kutoboa, sote tumelala. Nilisikia mianzi inavunjika. Nilipotoka, beberu wa mwenyekiti wa kijiji alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele ameiweka juu ya chanja, na mmumunye unamwingia mdomoni kama tambi. Lile mumunye alikwisha kuling'ata, nusu limelala chini.

Manong Carpo alitoka na kaptura ya kulalia, kifua wazi. Alisimama. Nikamwona usoni kitu ambacho sikuwahi kukiona, damu inapanda kutoka shingoni hadi kwenye upara. Akatoa sauti. Haikuwa neno. Akaokota kiatu, akarusha, akaokota ndoo, akarusha, akamfuata yule beberu kupitia ua wangu, akaangusha ua wangu, wakatokea barabarani. Watu walitokeza madirishani. Mzee wa heshima, baharia mstaafu, miguu myeupe, anamkimbiza mbuzi na fimbo ya kunde akitukana kwa lugha za bandari zote alizowahi kutia nanga. Beberu akakata kona kuelekea lango lao tena. Na hapo Manong Carpo akapiga kelele, sauti ya mtu anayemwita mtu aliye karibu:

"Honorata! Mzuie upande huo! Honorata!"

Kisha akasimama.

Beberu naye alisimama, mashavu yamejaa majani, anamtazama. Manong Carpo aliangalia lango. Aliliangalia kama anangoja litoke jibu, na jibu halikutoka, na mimi niliona likimfikia. Alikaa chini, pale pale katikati ya barabara juu ya lami ya moto. Hakulia, sitaki kusema alilia. Alikuwa anahema, mdomo wazi, kama mtu aliyeibuka kutoka kwenye maji marefu.

Felisa alitoka na kanga yake ya kuogea begani. Alimfunika mabega kwa kanga, akaketi kando yake kwenye ile lami. Pikipiki ya mwuza barafu ikaja, ikawazunguka, ikaenda zake.

"Inauma," Manong Carpo alisema.

"Wapi?"

"Kila mahali. Na matako. Lami inaunguza."

"Basi simama, shemeji, tusichomeke wote."

*

Mwenyekiti alikuja jioni kuomba radhi. Akaahidi kwamba siku ya kuvua nguo nyeusi za msiba, mwaka ukitimia, beberu yule yule atakuwa mchuzi, na Oktoba alitimiza ahadi yake. Nyama ilikuwa ngumu. Shina la mmumunye lilichipua tena kutoka chini, nalo likatoa matunda machache ya msimu, si mengi, si mazuri kama ya Honorata. Felisa alisema hivyo kwa sauti kila alipoyala, na aliyala yote. Yeye na Escolastica bado hawasalimiani.

Ua wangu Manong Carpo ameujenga upya, umenyooka sana, mimi nilikuwa nimeuzoea ulivyolala. Siku nyingi bado ni yule yule: unamsalimu, anakutazama kwanza kama mtu anayetafuta kituo cha redio. Kunde anazipika kwa chumvi ya wastani, lakini hiyo ni kwa sababu Felisa amempimia kijiko. Lorna akipiga simu anamwambia hajambo. Juzi nilikuwa naanika nguo nikamwuliza, kama ninavyomwuliza kila siku.

"Manong, vipi leo?"

Alikuwa ameinama kwenye bamia. Akafikiri.

"Leo nimekasirika," alisema. "Mara mbili."

"Na nani?"

"Konokono. Halafu Honorata."

"Amekufanya nini?"

Alinionyesha mikono, nyekundu hadi kwenye viwiko, imevimba vipele.

"Hakuniambia bamia zinawasha," alisema, na akarudi kuchuma.